Mashine ya Kuvulia Samaki Mmoja

Mama Zaina, mama yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie wewe unayeitwa kwa jina langu kila siku, na mimi sipo kuitika. Mgongo umeamkaje? Na lile goti linalokuuma mvua ikikaribia, bado linaijua mvua kuliko redio? Mimi mwili ni mzima. Nafanya kazi ile ile ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee, mikono imekauka kwa sabuni, lakini sikohoi tena kama mwaka jana. Mwili hauna neno. Moyo ndio wenye maneno, na ndiyo haya.

Wewe Rashidi, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Msomee mama kwa sauti, wala usimeze maneno kama ulivyokuwa ukimeza aya mbele ya mwalimu wa chuo ukidhani hasikii. Tena usikimbilie ukurasa wa mwisho. Jibu la mama limo humu, lakini linakuja kwa miguu. Ukiliruka nitajua, hata huku Kanada nitajua.

Kaseti yenu imefika. Ilivuka mpaka wa Kavimvira ndani ya mfuko wa unga, ikalala Bujumbura siku nyingi, ikapanda ndege na mtu asiyenijua, na mwisho ikaja mkononi kwa Lusia, yule dada Murundi ninayefanya naye kazi. Niliisikiliza nikiwa nimekaa sakafuni. Kwanza nikasikia jogoo wa jirani, yule yule mwenye sauti iliyopasuka, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe vita vyote hivi havijamla! Halafu ukaja wewe, mama. Nimeyasikiliza maneno yako mpaka nimeyashika kwa moyo:

"Zaina, minye mama yako. Sikia muzuri. Huku batoto habana kitu ya kula. Shamba ya Kiringye hakuna mutu anafika, ukienda barudisha nguo yako tu. Iko sombe, iko bugali kidogo, basi. Sefu iko anavimba uso na miguu. Enfirmiye ya ospitali amesema mumupe samaki, hata ndagala kidogo, mutoto atapona. Minye nitamupa namna gani samaki ya hii ziwa, na baba yake iko ndani? Weye ndiye mukubwa, weye ndiye unafungua. Kama unaamini baba yako iko anarudi, uniambie, nitangoja naye. Kama hauamini tena, shika samaki kwa mukono yako, ukule. Maji yote iko ya Mungu. Ukikula weye, na siye tutakula."

Kaseti haikukatika hapo, mama. Labda ulidhani umeizima. Nilimsikia Sefu, kitindamimba wetu, akiuliza kwa ile sauti yake ya puani: "Mama, ile harufu iko ya ndagala ya kwa jirani?" Nawe ukamjibu: "Lala." Basi. Baada ya hapo ni kelele za utepe tu.

Nililia, sikufichi. Sikulia kwa ajili ya baba, maana kwa ajili ya baba nilikuwa sijaruhusu chozi hata moja. Nilimlilia mtoto anayenusa kitoweo cha watu.

Unajua ninavyoukumbuka huo mwiko. Babu alipochukuliwa na ziwa, mimi nilikuwa kimo cha Sefu. Nyumba nzima ikakaa bila samaki. Haikuwa amri ya shehe, wala haimo kitabuni. Ni mila yetu sisi watu wa ukingoni. Huli samaki wa maji yaliyommeza mtu wako, mpaka mwana wake mkubwa avue mmoja kwa mkono wake na amle mbele ya watu. Baba ndiye aliyekuwa mkubwa. Alikaa, akakaa, watu wakaanza kunong'ona, halafu asubuhi moja akaenda kwenye mawe na mshipi wake, akarudi na samaki mmoja, kuhe. Akamchoma bila chumvi. Alipomeza tonge la kwanza, bibi alipiga ukelele nikadhani ameungua moto. Sikuelewa. Sasa naelewa: mpaka dakika ile bibi alikuwa na mume aliyechelewa kurudi. Lile tonge ndilo lililomfanya mjane.

Na mimi unaniomba tonge hilo, mama.

Najua mtumbwi wa baba ulirudi wenyewe, umesukumwa na upepo, kasia liko ndani. Najua mliisikia milio ya risasi mchana ule, na kwamba alikwenda kuinua wavu kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu cha kuteleka. Yote mliniambia. Lakini kuna yule mtu aliyesema kwamba Kigoma kambini ameonekana mzee mmoja wa Uvira, mfupi, anayechechemea. Baba si anachechemea? Kwa neno hilo moja mimi nimeishi. Niliandika Kigoma, nikaandika tena, nikamtuma kila aliyepita njia ile. Rashidi, katika barua yako ya mwisho uliandika "marehemu baba". Nililikata lile neno kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nilikuchukia siku mbili tatu, kisha nikakosa nguvu ya kukuchukia.

Basi baada ya kaseti nikamwambia Lusia: "Nataka kuvua samaki." Lusia kwao ni Rumonge, akiwa mtoto alikuwa akiiona milima yetu ng'ambo ya maji. Akanitazama, akasema: "Weye? Wanamuke habavue. Nenda duka, samaki iko ndani ya barafu, imeshasafishwa." Nikamweleza. Akavaa koti, akachukua ufunguo wa gari. Mola amlipe yule dada.

Huku hawavui kwa mshipi wa mkononi kama sisi. Wana ufito mrefu, na chini yake imefungwa mashine ndogo ya kukunja mshipi. Wenyewe kwa Kifaransa wanaiita mulinee. Unazungusha mkono wake kama unavyosaga kahawa, mshipi unajikunja wenyewe. Katika duka tuliloingia zilipangwa ukuta mzima, zinang'aa kama vyombo vya bibi harusi. Mwuzaji ni mama mnene, miwani imening'inia kifuani. Akaniuliza ninataka samaki gani. Nikamwonyesha kiganja: samaki mdogo, wa kuenea kwenye kikaango. Akauliza nitavua mara nyingi? Nikasema ninataka mmoja tu.

Akacheka kwa wema, akanipa mulinee ya plastiki, nyepesi kama ganda la karanga. Akasema kwa samaki mmoja hiyo inatosha na kubaki. Lusia naye akaniminya kiwiko: chukua twende. Lakini nilipoizungusha, mama, niliisikia inakwaruza. Ilikuwa kama kuna mchanga kwenye meno yake.

Unakumbuka baba alivyonunua baiskeli yake Kavimvira? Wauzaji walikuwa wanasifia rangi, wanapiga kengele, na yeye akaigeuza juu chini, akazungusha gurudumu, akafumba macho na kutega sikio pale katikati kwenye gololi. Wakamcheka: "Mzee, baiskeli haiimbe!" Akawajibu: "Iko inasema. Nyiye ndiyo hamusikie." Mbili akazikataa, ya tatu akaichukua, nayo ilitubebea mihogo kutoka Kiringye mpaka askari walipoichukua. Basi na mimi nikafumba macho katikati ya duka la Wazungu, mulinee sikioni, nazungusha. Watu wakawa wananipisha njia. Lusia akajifanya hanijui.

Mwuzaji akaacha kucheka. Akavaa miwani, akaanza kuniletea nyingine, moja moja. Moja ilikuwa nzuri kwa sauti lakini mkono wake ulicheza, ukiuacha unarudi nyuma kidogo. Nyingine ilijaa gololi, akazitaja nyingi kwa fahari. Nikaisikiliza, gololi nyingi zenyewe zinagombana. Mwisho akatoa ndogo nyeusi, mwili wa chuma, haina urembo wowote. Niliizungusha nikadhani sijaizungusha. Hapakuwa na mkwaruzo wala mtetemo. Nilipoiacha ikasimama pale pale. Akanionyesha na breki yake, kifundo kidogo mbele: ukikilegeza, samaki akivuta, mshipi unamfuata pole pole bila kushtuka. Akasema hawa samaki wadogo midomo yao ni laini, mashine ikishtuka inachana mdomo na samaki anaondoka na jeraha lake. Nikasema hiyo hiyo, pamoja na ufito na boya.

Lusia garini akanigombeza. "Zaina, samaki moja tu, na unachagua kama unachagua bwana!" Nikamjibu kwamba bwana ningechagua haraka zaidi. Tukacheka. Kisha nikamwambia kweli: siwezi kumzika baba yangu kwa kitu kinachokwaruza. Hakupata mbao, hakupata sanda, hakuna aliyemshika mkono. Mashine hii ndiyo jeneza nililoweza kumnunulia. Lusia akazima redio ya gari, akaendesha mpaka ziwani.

Ziwa lao ni dogo, mama, ng'ambo unaiona, unaweza kumwita mtu. Kuna matete kama yetu ya mdomo wa Ruzizi, lakini hakuna viboko, na watu wanakaa kwenye viti vya kukunja wanakunywa kahawa. Nikatia nyungunyungu kwenye ndoana, hilo nalijua, nimemchimbia baba nyungunyungu tangu utotoni. Lusia akanionyesha kurusha kama mwuzaji alivyotuonyesha. Kitu kikagusa. Na hapo nikafanya ujinga wangu: nikautupa ufito chini, nikaushika mshipi kwa mikono miwili nikavuta kama baba, kiganja juu ya kiganja. Macho yangu hayakuwahi kuona samaki wa ndoana akitolewa majini kwa njia nyingine! Mshipi ulikuwa mwembamba kama unywele, ukanichana kidole, ukajifunga kwenye viatu, samaki akaenda zake. Mzungu mmoja akaja mbio na kitambaa akidhani nimepatwa na wazimu. Lusia akamwambia kwa Kifaransa kwamba kwetu ndivyo tunavyovua, na ziwa letu lingelimeza hili kama kidonge.

Tulirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine tena. Mara nyingine nilijisahau nikashika mshipi. Mara nyingine samaki hawakuja kabisa, na kusema kweli nilishukuru. Siku moja kijana na mkewe karibu yetu walimtoa samaki, wakamwangalia, wakamchomoa ndoana taratibu, wakamrudisha majini. Nilimwuliza Lusia: "Ameoza?" Akasema: "Hapana. Bazungu bako hivi. Banamushika, banamuacha." Nilikaa chini kwenye majani. Nilimwonea wivu yule samaki, mama. Kumbe yako maji mtu anaingia na anarudishwa.

Jumapili ya mwisho, asubuhi, boya likazama. Safari hii mikono ilikaa mahali pake. Breki ikalia kidogo sana, kama mtoto anayeota, mshipi ukaenda, nikangoja, nikazungusha. Hakuchanika mdomo. Alitoka mzima, wa manjano, mistari myeusi ubavuni, mrefu kama kiganja changu na kidole. Lusia hakushangilia. Alisema tu: "Pole, mukubwa wangu." Ndiyo pole ya kwanza niliyoipokea kwa ajili ya baba, maana kabla ya hapo nilikuwa sikubali kupewa.

Rashidi, kabla ya mengine nikuambie habari za mashine, maana imo kwenye kifurushi hiki pamoja na barua, imefungwa ndani ya soksi; ufito jikatie wa mwanzi. Mkono wake unatoka. Unaufungua na kuutia upande wa pili, kwa sababu wewe ni wa mkono wa kushoto. Nililiuliza hilo dukani. Mwuzaji alisema ukiitunza utamwachia mwanao. Usiiweke mchangani. Ukimaliza, ipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji safi. Ikianza kuwa nzito, tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu. Nikisikia umetia mawese nitapanda ndege nije nikuchape. Usiingie kwenye mtumbwi. Nakusihi kwa jina la mama. Vua kutoka kwenye mawe, palepale baba alipomvulia yule kuhe, na ukisikia risasi, acha mashine, acha samaki, kimbia. Mashine nitanunua nyingine. Rashidi sitapata mwingine.

Naona naandika mengi juu ya mafuta ya cherehani. Mama, unanijua: nazunguka nyumba kwa sababu naogopa kuingia.

Nilimpeleka samaki nyumbani. Nikamparua, nikamtoa matumbo, nikamweka kwenye sahani, nikamtazama. Nikampigia simu yule mtu niliyemtuma Kigoma safari ya mwisho, aliyekuwa amerudi na nilikuwa nimemkwepa nisisikie. Akaniambia: "Yule muzee nilimuona. Ni mutu ya Fizi, anaitwa jina lingine kabisa. Anachechemea, lakini si baba yako. Pole, dada." Nikamshukuru. Kwa kweli nilimshukuru, na sauti yangu ilikuwa nzuri tu. Kisha nikawasha jiko.

Nilimchoma bila chumvi, kama baba. Mbele ya watu, imesemwa. Watu wangu hapa ni Lusia, basi Lusia alikaa mezani, mikono mapajani. Nikaweka na kaseti yako, mama, nikaizungusha mpaka pale mwisho, ili na nyinyi muwepo. Sefu akauliza habari ya harufu. Nikasema bismillahi. Nikasema Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, maneno ambayo niliyakataa tangu mtumbwi uliporudi. Nyama ilikuwa nyeupe na tamu, ndicho kilichoniumiza zaidi, kwamba ilikuwa tamu. Nikatafuna. Nikamwona baba na baiskeli yake, macho kayafumba, ametega sikio. Nikameza.

Nilipiga ukelele wa bibi. Sikujua kama ninao.

Rashidi, hapa simama. Mshike mama mkono kwanza. Usisome mbele mpaka amenyamaza.

Mama, nimekula. Sikumwacha hata mkia, nimekula mpaka mifupa ikabaki myeupe, asije mtu akasema mwana mkubwa alionja tu. Mwiko nimeufungua. Nisamehe kwa kukufanya mjane kwa barua. Ningependa nikufanyie nikiwa karibu, nikufunge kitambaa cha kichwa mwenyewe, nikuogeshe, nikae nawe mlangoni wakija wanawake wa mtaani. Sasa kaa eda yako, pumzika kumtazamia majini. Usile kwa ajili yako kama hutaki. Lakini leo hii, kabla jua halijashuka, tuma mtu kwa jirani akaombe ndagala, na kiganja cha kwanza kiwe cha Sefu. Mwondolee vichwa, koo lake dogo. Mwambie dada yake amesema ale, na harufu ile sasa ni ya kwetu.

Nisalimie baba mdogo, aliyeutafuta mwili ukingoni mpaka miguu ikamvimba, mwambie apumzike. Nisalimie shangazi anayekaa Kavimvira, yule wa kubadilisha pesa mpakani, anisomee dua. Nisalimie mama jirani mwenye ndagala, namshukuru tangu sasa. Jogoo wake pia. Mwajuma, mdogo wangu wa kike, nambusu machoni. Amsaidie mama kupika, asimwachie peke yake siku hizi. Sefu nambusu miguu yote miwili, mpaka ikonde.

Lusia anawasalimu wote. Amesema nikija siku moja atakuja nami, tukae upande wenu, aione milima ya kwao kutoka huko.

Ni mimi mwana wako, mwana mkubwa wa marehemu Shabani,

Zaina